Bambo lenye sikio: namna ya kusikiliza na kunasa dumuzi kwenye gunia la mahindi

Asubuhi moja mama mkwe wangu, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniambia: "Baba Neema, usiku sikupata usingizi. Mahindi yanalia." Nilicheka kimoyomoyo. Nikaingia stoo, nikabandika sikio kwenye sandarusi ya gunia, sikusikia kitu. Nikachota konzi moja ya juu: punje nzima, safi, zinang'aa. Nikamwambia, "Mama, mahindi ni mazima, labda ni panya." Wiki tatu baadaye tulifungua gunia lile lile, mkono ukazama kwenye unga. Kati ya magunia 11, sita tuliwamwagia kuku, na kuku wenyewe walikuwa wanachagua.

Mahindi yaliniuma, lakini aibu iliniuma zaidi. Mimi ni fundi redio hapa Kibaigwa. Miaka 19 nimekaa kwenye kibanda nikisaka mikwaruzo ndani ya spika za watu, halafu bibi wa miaka 70 ananishinda kwa masikio matupu. Ndipo nikaanza kutengeneza kifaa ninachokieleza hapa. Vitu vyake vingi utavipata kwenye boksi la makorokoro la fundi yeyote.

Kwanza ujue unamsikiliza nani. Stoo zetu zina maadui wawili wakubwa. Fukusi ni yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Jike anatoboa punje, anaweka yai, anaziba tundu kwa ute wake. Buu anaanguliwa humo, anakula humo, anageuka mdudu kamili humo humo, na kwa joto letu hutoka baada ya kama wiki tano. Wiki zote hizo wewe unaona punje nzima. Dumuzi ndiye mharibifu mkubwa zaidi. Ana umbo la silinda, milimita 3 hadi 4, kichwa kimeinamia chini ya kifua kana kwamba amevaa kofia. Si mwenyeji, kwao ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufika 1983 alikuwa ameshavuka kuingia Kenya kwa upande wa Taveta. Wapo wanaomwita skania, na majirani zetu wa Kenya wamempa jina la Osama. Ukoo wake ni wa wadudu wanaotoboa miti, kwa hiyo taya zake ni za kutafuna mbao. Hatafuni punje moja akatulia. Anachimba handaki kutoka hii kwenda ile, na unga unaouona ni kifusi cha machimbo yake.

Kuchimba huko kuna sauti. Jambo lenyewe si jipya: mwaka 1924, huko Afrika Kusini, mtaalamu wa wadudu Charles Brain aliandika jinsi maarifa ya redio yanavyoweza kutumika kuchunguza wadudu. Na mwaka 2016 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wakishirikiana na wa Ujerumani na Marekani, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba milio ya dumuzi na ya fukusi ndani ya mahindi inatofautiana kwa masafa na kwa mpangilio wake. Mimi niliposoma hilo nilijua siwezi kupata mitambo yao. Lakini maikrofoni nilikuwa nayo.

Siku moja nilikuwa nimesimama sokoni namwangalia mnunuzi akichoma gunia kwa bambo, mahindi yakamiminika kiganjani mwake. Bambo ni chuma, lina ncha, linaingia hadi katikati ya gunia, na chuma husafirisha mtetemo vizuri kuliko hewa. Sauti ya buu kwenye mahindi haifiki mbali, kama sentimita 10 hadi 15 tu, kwa hiyo kubandika sikio nje ya gunia ni kumsikiliza mtu aliye chumba cha tatu. Lazima kitu kiende kwake.

Maikrofoni yenyewe ni kile kisahani cha shaba chenye doa jeupe katikati, kinachoitwa piezo. Kimo ndani ya multimita ya dijitali, ndicho kinacholia "tiii" unapopima kama waya umekatika. Kimo pia kwenye saa za mezani zenye kengele na kwenye ving'ora vidogo. Ukikipa umeme kinalia. Ukikitikisa kinatoa umeme. Mimi napenda cha kipenyo cha milimita 27. Kama multimita yako imeungua, usiitupe kabla hujakitoa hicho kisahani, na ukitoe taratibu maana lile doa jeupe ni kigae, likipata ufa limekufa.

Kama huna bambo, tumia nondo ya milimita 6 (nondo ya chuma, siyo yule mdudu, ingawa naye yumo stoo) yenye urefu wa kama sentimita 60, ukainoe ncha. Juu yake mchomelee vyuma akuwekee washa bapa yenye upana wa kisahani chako. Sugua washa kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ubandike kisahani kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, upande wa shaba ukitazama chuma. Gundi iwe nyembamba kama karatasi. Gundi nene ni godoro, inameza mtetemo. Iache ikauke usiku mzima. Siku ya kwanza niliharakisha, kisahani kikateleza nikiwa natumbukiza chuma kwenye gunia, nikakipata siku mbili baadaye kwenye ungo.

Waya utumie ule wa maikrofoni, wenye nyuzi za nje zinazozunguka waya wa ndani. Waya wa ndani uchomelee kwa risasi kwenye doa jeupe, kwa mguso wa sekunde moja tu ili joto lisiliharibu. Nyuzi za nje ziende kwenye shaba, na shaba inagusana na chuma chote. Usipofanya hivi bambo zima linageuka antena, na badala ya dumuzi utasikia mngurumo wa umeme wa nyumba. Mwisho funika kisahani kwa plasta, juu yake karatasi ya aluminiamu inayogusa zile nyuzi za nje.

Sasa kikuza sauti. Transista moja inatosha, C945 ambayo imejaa kwenye redio za zamani; miguu yake mitatu ni emita, kolekta na besi. Betri tatu ndogo, volti 4.5. Kutoka chanya weka rezista ya kiloomu 10 kwenda kolekta. Kutoka kolekta kwenda besi weka ya megaomu 1. Emita iende hasi. Kisahani kiingie kwenye besi kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na sauti itoke kwenye kolekta kupitia kapasita nyingine kama hiyo. Pima miguu ya transista kwanza, maana ya C945 haijapangwa kama ya BC547, na wengi wanakwama hapo tu. Ukiwasha, pima volti kwenye kolekta: ukikuta karibu na 2, uko sawa. Saketi hii ina faida moja ambayo sikuipanga, niliigundua baadaye nilipokaa na kalamu: kisahani cha ukubwa huu kikikutana na mlango wa transista kinakata sauti nzito za chini ya kama hezi 1,000. Kibaigwa iko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, malori yananguruma usiku kucha, na mngurumo huo ndio unaokatwa. Mikwaruzo ya wadudu iko juu ya hapo, inapita.

Tokeo lipeleke kwenye redio ndogo mbovu upande wa kukamata stesheni lakini nzima upande wa sauti. Unachomelea kwenye mguu wa juu wa volyumu, unavaa spika za masikioni, basi. Ukitaka kurekodi, tumia simu yenye tundu la jeki: weka rezista ya kiloomu 2.2 kati ya mguu wa maikrofoni na wa hasi ili simu ikubali kwamba imechomekewa maikrofoni. Ukihamishia kwenye kompyuta, programu ya Audacity ya bure itakuonyesha sauti kwa picha, na mdudu anaonekana kama michirizi myembamba iliyosimama wima.

Kutengeneza huko ni kazi ya jioni mbili. Kujifunza kusikiliza kulinichukua msimu mzima.

Choma bambo kwenye gunia hadi katikati, halafu ukae. Punje ulizozisukuma zitaendelea kujipanga na kulia "tek, tek" kwa dakika kadhaa, na wadudu nao wakishtuka hunyamaza. Mimi nasubiri dakika 10 bila kugusa gunia wala kuegemea. Kisha nasikiliza dakika 3 kwa saa. Fukusi, hasa buu, analia kidogo kidogo: tiki moja, kimya, tiki mbili, kimya kirefu. Dumuzi ni mwenye fujo: "krr-krr-krr", mfululizo, kama mtu anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ukishamsikia mara moja humsahau. Nachoma sehemu tatu kwa kila gunia, juu, kati na karibu na chini, kwa sababu ya ule umbali mfupi niliousema.

Kuna walaghai wawili. Wa kwanza ni mabati. Jua likizama bati linapoa na kujikunja, linatoa milio mifupi mikavu inayofanana sana na buu. Subiri mpaka saa tatu usiku hivi, bati litulie. Wa pili ni masikio yako mwenyewe; ukitaka kusikia kitu utakisikia. Dawa yake ni gunia la mchanga. Ninalo moja stoo, na kila nikianza kazi nachoma bambo humo kwanza kwa dakika 3. Chochote ninachosikia kwenye mchanga si mdudu.

Hapa naomba nikiri kosa langu la pili, maana lilinigharimu heshima kuliko la kwanza. Kifaa kilipokamilika nilikipeleka kwa mama mkwe kwa mbwembwe. Ilikuwa Julai. Niliamka saa kumi na moja alfajiri ili nikwepe kelele, nikachoma magunia yote tisa, nikakuta kimya kama makaburini. Nikatangaza mahindi ni salama. Mwishoni mwa Agosti unga ulikuwa umeshajaa sakafuni. Sikujua kwamba mdudu hana joto lake mwenyewe. Anategemea la mahali alipo. Julai alfajiri kwetu baridi inashuka hadi chini ya nyuzi 15, na gunia lililokaa ukutani linapoa nalo. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamezubaa tu kwa baridi, taya zimefunga. Mama mkwe alichosema ni "Haya, Baba Neema," na akaendelea kupeta.

Tangu hapo siendi bila kipimajoto. Kile cha kupimia mtoto hakifai, kinaishia nyuzi 42 na hakianzi chini. Tafuta kile chenye waya mrefu wanachotumia kwenye majokofu. Ncha yake ninaizamisha gunia lile lile. Ikisoma chini ya 20, ninachosikia nakiamini, nisichosikia sikiamini. Wakati mzuri kwa msimu wa baridi ni kati ya saa tatu na saa tano usiku, mahindi yakiwa bado yameshika joto la mchana. Kipimo hicho kina kazi nyingine pia. Gunia moja likiwa na joto kuzidi wenzake waliopangwa pamoja nalo, ama lina unyevu ama lina wadudu wengi, na yote mawili yanataka lifunguliwe.

Wasiotaka kukesha na spika masikioni niliwatengenezea mtego unaohesabu. Chukua bomba la plastiki la maji, kipenyo cha nusu inchi au robo tatu, urefu sentimita 40. Toboa matundu ya milimita 3 kuzunguka nusu ya juu, ukielekeza keekee kwa mshazari ili tundu literemkie ndani. Punje haiingii, dumuzi na fukusi wanaingia. Wadudu hawa hupenda kupenya kwenye nafasi, wakifika tundu wanatumbukia. Chini funga kichupa cha dawa. Fukusi anapanda hata kioo, kwa hiyo paka poda ya watoto kwenye kuta za ndani za kichupa, atateleza. Mtego wa namna hii hata bila umeme ni mtego kamili: uuzamishe kwenye gunia, uutoe kila Jumamosi, uhesabu.

Umeme unaingia kama unataka kujua wanaingia lini. Juu kidogo ya kichupa, bana bomba liwe na njia ya kama milimita 8. Upande mmoja weka taa ya rimoti ya televisheni, ile isiyoonekana kwa macho, na rezista yake. Upande wa pili jicho lililotoka kwenye kipanya cha kompyuta cha zamani chenye mpira. Jicho hilo ni transista ya mwanga: mguu mmoja chanya, wa pili uende mguu namba 2 wa IC ya 555, kile kipande cha kupima muda, na kutoka hapo rezista ya kiloomu 47 kwenda hasi. Mdudu akipita anakata mwanga, volti inaporomoka, 555 inashtuka. Anapita kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, haraka mno kwa kinachofuata, ndiyo maana 555 inahitajika: kwa rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1, inamgeuza kuwa mpigo wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpigo huo uwashe PC817, swichi inayofungwa kwa mwanga wa ndani yake, kile kipande cha miguu minne unachokikuta kwenye kila chaja mbovu, na PC817 iungwe kwenye kitufe cha sawasawa cha kalkuleta ya dukani. Bonyeza 1, kisha kujumlisha, halafu iache. Kila mdudu anayetumbukia anabonyeza sawasawa, na kalkuleta inaongeza moja. Isipohesabu, geuza waya mbili za kitufe.

Usiiamini namba hiyo kipofu. Dumuzi anashuka na unga wake, na bonge la unga nalo linahesabiwa. Wiki moja kalkuleta yangu ilisema 64, kichupani nikakuta 41. Ninachoangalia ni mwendo: kama wiki hii ni mara mbili ya iliyopita, nimeshapata jibu. Futa taa na jicho kwa pamba kavu kila Jumamosi.

Vijana huniuliza kama ninaweza kugeuza kifaa, kiwe kinapiga sauti ya kuwafukuza. Jibu langu ni hapana, na hata vile vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kwamba vinafukuza mbu kwa sauti, vilipopimwa na watafiti havikupunguza kuumwa. Kifaa changu kinasikia tu.

Ukishasikia, fanya haraka. Tiki chache za fukusi kwenye gunia moja: naanika siku mbili za jua kali juu ya turubai jeusi, kwa tabaka jembamba, napepeta, narudisha. "Krr" ya dumuzi hata sehemu moja: magunia yote yanatoka stoo, stoo inafagiwa hadi nyufa, na mbao zilizokaa humo zinatolewa kwa sababu anajificha ndani yake. Dawa ya unga ya kuhifadhia ichanganywe kwa kipimo cha kwenye pakiti, si kwa kukisia. Vidonge vya gesi ya fosfini usithubutu kuvitumia kwenye nyumba mnamolala. Gesi hiyo inaua watu, waachie wenye mafunzo. Na akija mwenye mafunzo, toa bambo na mitego kwanza, kwani gesi hiyo inakula shaba na saketi yako itageuka nyeusi.

Mimi sasa mahindi ya mama mkwe nayaweka kwenye mifuko ya PICS, ile ya plastiki mbili ndani ya sandarusi. Hapo bambo halichomwi kamwe, ukitoboa umeharibu mfuko. Nina kisahani cha pili kisicho na chuma, nakibana kati ya ubavu wa gunia na tofali, gundi ya karatasi juu. Siku ya kwanza baada ya kufunga unasikia shughuli kama kawaida. Wadudu wanavuta hewa iliyobaki, hewa inaisha, sauti inakonda siku hadi siku, mwisho inakatika. Ukimya wa namna hiyo ninauamini, maana nimeusikia ukija, na kipimajoto kinaniambia si baridi.

Msimu huu magunia manane kati ya tisa yalinyamaza kabla ya wiki mbili. La tatu kutoka mlangoni halikunyamaza. Siku ya 16 bado "krr-krr". Nililivuta nje, tukalikagua na mama mkwe kwa tochi, tukaona karibu na mshono wa chini tundu dogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na unga mweupe umelizunguka. Nikaleta selotepu nizibe. Akanizuia. "Hili tulisage kesho," akasema, akaliviringisha mwenyewe hadi mlangoni.